UZI: Bakteria wa maabara na sinki la Tudor

Mjadala wa GMO ukiwaka, wote hukimbilia mahindi. Maabara ya wanafunzi haitajwi, na sheria yaigusa.

Tuseme wanafunzi wa chuo hapa kisiwani, pale Tudor, wataka kubadilisha jeni za bakteria ili wang'ae wakigusa madini ya risasi, yale yaliyowaumiza watu wa Owino Uhuru. Ruhusa ipo. Ila Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2009 yataka kibali kwanza, na kanuni za 2011 zataka chuo kiwe na kamati yake ya usalama. Ukikaidi, faini hadi milioni 20 au jela hadi miaka 10, au vyote viwili.

Lakini karatasi haiui bakteria. Kinachowaua ni otoklevu, ule mtungi wa mvuke wa nyuzi 121 unaopika taka kabla hazijatupwa. Umeme ukikatika (na umeme wetu mwaujua), taka zabaki mbichi. Zikimwagwa sinkini je? Maji taka mengi ya huku huingia hori ya Tudor bila kusafishwa, na hori hiyo yapita mbele ya Mji wa Kale.

Mgombea akija na hotuba ya GMO, muulizeni bajeti ya jenereta ya maabara iko wapi.