Homa ya Ini ya B: Nani Yumo Hatarini?

UGANDA – Uchunguzi uliofanywa nchini humo mwaka 2004 na 2005 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila kumi alikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Sehemu za kaskazini zilizidi. Na tangu zamani mashamba ya miwa ya kusini hupata vibarua wengi kutoka kaskazini na West Nile. Basi mtu akisikika ana "ini", wenzake huitenga sahani yake.

Hilo ni kosa, ndugu. Virusi hivi havipiti katika ugali, kikombe wala kupeana mkono. Hupita katika damu na majimaji ya mwili.

Jiulize kwanza: ulizaliwa lini? Uganda ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Aliyezaliwa kabla ya hapo huenda hajachanjwa kamwe. Je, mama yako au ndugu yako wa tumbo moja aliugua ini? Mtoto akiambukizwa wakati wa kuzaliwa, mara tisa katika kumi virusi humkalia maisha. Mtu mzima akiambukizwa, kwa kawaida mwili huvishinda. Kwa hiyo wengi wanaosimangwa kuwa ni wahuni waliupata ugonjwa huu wakiwa wachanga! Hata hivyo hupatikana pia kwa kulala pamoja, kwa hiyo mume na mke wapimwe wote.

Kambini adui ni wembe. Damu iliyokauka, hata isiyoonekana, yaweza kubeba virusi hai siku saba. Wembe mmoja ukinyoa chumba kizima, au ukichanja chale watu wawili, mmeshachangia damu. Nunua wako. Mwenzako akikatwa na panga, vaa glavu ndipo umfunge.

Usingoje macho yawe ya manjano, maana wengi hawasikii maumivu mpaka ini limeharibika. Asiye na virusi huchanjwa sindano tatu katika miezi sita. Aliye navyo huchunguzwa, na akihitaji hupewa vidonge vya kuvizuia. Mwaka 2015 Serikali ya Uganda ilianza kuwapima na kuwachanja watu wazima bure, ikianzia kaskazini.

Matawi yamdai mwajiri alipie chanjo ya wauguzi, wafuaji wa zahanati na watoaji wa huduma ya kwanza. Majibu ya kipimo yasifike kwa nyapara. Kukata miwa pamoja hakuambukizi ini, wala jibu hilo si sababu ya kumwachisha mtu kazi.