Kidonda Kidogo, Sukari Isiyopimwa

Mkulima anamenya mihogo Maneromango, wilayani Kisarawe. Kisu kinateleza na kumchana kidogo pembeni ya kidole gumba. Kwa watu wengi kidonda kama hicho hukauka ndani ya wiki moja. Kwa wachache, siku ya tatu mkono mzima umevimba, ngozi inang'aa na joto limepanda. Kwa nini, ilhali kisu ni kilekile?

Tuanze na bakteria. Stafilokoka huishi juu ya ngozi na puani mwa watu wengi wasioumwa chochote. Ngozi ikipasuka huingia, na seli nyeupe za damu huwahi kuwameza. Basi kuwapo kwao pekee hakuelezi mkono ule.

Kisukari hudhoofisha ulinzi huo. Sukari ikizidi kwenye damu, seli nyeupe huchelewa kufika na huua bakteria wachache. Ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu huharibika na ganzi huingia. Maumivu ambayo yangemkimbiza mtu zahanati hayasikiki. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioguguniwa miguu na panya usingizini.

Kiganja nacho kina ubaya wake. Kano za vidole hupita ndani ya vifuko vyembamba, na usaha ukishaingia humo hupanda kuelekea kifundoni. Uvimbe hubana mishipa ya damu, nyama inayokosa damu hufa, na nyama iliyokufa huwa chakula cha bakteria. Hapo vidonge peke yake havitoshi: usaha hutolewa kwa upasuaji, mgonjwa akipewa antibiotiki na insulini. Akichelewa hupoteza kidole, mkono, hata maisha.

Hali hii ya mkono, adimu hata miongoni mwa wenye kisukari, ilichunguzwa Dar es Salaam kati ya 1998 na 2002. Mara nyingi chanzo kilikuwa kitu kidogo, kama mchubuko au kuumwa na mdudu.

Kwa hiyo naona kidonda kinachovimba haraka ni sababu tosha ya kuchoma kidole na kupima sukari, iwe Mlandizi au Maneromango, kabla mtu hajapewa kapsuli za dukani. Tahadhari moja: maambukizi makali yenyewe hupandisha sukari. Kipimo kirudiwe kidonda kikishapona, asubuhi kabla ya kula; kikisoma 7.0 mmol/L au zaidi, na kurudiwa siku nyingine kikasoma vivyo hivyo, hicho ni kisukari.