Marubani wa Vita, na Mlima Meru Uwe Kipimo

Wanafunzi wetu, kila wasikiapo ngurumo ya ndege ikielekea uwanja wa Kisongo, huacha kalamu na kutazama dirishani. Hatuwalaumu, maana waalimu wao nao hutazama. Na baada ya kutazama huja maswali: ndege ipi ya vita iliyokuwa bora, na rubani gani aliangusha adui wengi kuliko wenzake? Swali la kwanza laweza kujibiwa kwa hesabu. La pili ni gumu kuliko lionekanavyo, nasi tutaeleza sababu yake.

Wazee walipokiona chombo hiki walikiita ndege kwa kuwa kina mabawa, na mtu akiongozaye wakampa jina la rubani, neno la watu wa pwani kwa yule apitishaye jahazi kati ya miamba. Jina hilo la pili ndilo tunalolipenda zaidi, kwa kuwa katika Vita Kuu ya kwanza kazi kubwa ya ndege huku kwetu ilikuwa kuona, si kupiga. Tarehe 11 Julai 1915, katika midomo ya Rufiji, Waingereza wawili waliruka juu ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha kati ya mikoko, ili kuwaambia wapiga mizinga wao risasi zaanguka wapi. Injini yao ilipigwa. Hali ndege yashuka, mmoja wao aliendelea kupeleka habari kwa simu ya upepo, hata wakaanguka mtoni na kuokolewa. Königsberg haikutoka tena Rufiji.

Sasa na tuchukue Mlima Meru uwe kipimo chetu. Mji wa Arusha uko yapata futi 4,600 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru ni karibu futi 15,000. Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia nchi hii, na kikosi kimoja kilitoka Longido kikapita katikati ya Meru na Kilimanjaro. Ndege zao, aina ya B.E.2c, zilikuwa na kituo huko Mbuyuni, ng'ambo ya mpaka, karibu na Taveta. Ndege hiyo ilikuwa ya mbao iliyofunikwa kitambaa, nayo ilikwenda kadiri ya maili 70 kwa saa. Kutoka usawa wa bahari ilihitaji dakika 45 kufika futi 10,000, na hapo ndipo nguvu zake zilipokwisha. Maana yake ni kwamba haikuweza kuuruka mlima wetu. Sharti iuzunguke, kama mchungaji na mbuzi wake.

Kwa nini? Bawa likikata hewa huisukuma chini, na hewa nayo hulisukuma bawa juu. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi. Na jua la mchana huizidisha wepesi. Basi bawa hukosa cha kusukuma, na injini, ambayo nayo hupumua hewa, hupungukiwa na nguvu. Aliyewahi kupanda Meru kwa miguu alijua jambo hili kifuani mwake kabla hatujamfundisha. Ongezeni jua na mvua zilizoharibu mbao na kitambaa, homa iliyowalaza marubani, na askari waliojua kukaa kimya chini ya miti, mtaona jinsi kazi ile ilivyokuwa ya taabu.

Miaka karibu 20 ikapita. Gladiator, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1934, bado ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine, lakini ilifika futi 10,000 kwa muda wa chini ya dakika 5, na mwisho wake ulikuwa zaidi ya futi 32,000: Meru mbili, moja juu ya nyingine, na nafasi ikabaki. Hurricane ya mwaka 1935 ilikuwa na bawa moja, bombomu 8, na mwendo upitao maili 300 kwa saa. Hiyo ndiyo hesabu ya swali la kwanza.

Swali la pili lina jina lake. Mwaka 1915 Wafaransa walianza kumwita rubani aliyeangusha ndege nyingi kwa jina la karata ile tuiitayo ree, na desturi ikawa kwamba ndege tano zatosha kumpa mtu jina hilo. Mmoja wa watu hao alitoka Dar es Salaam. Roald Dahl, Mwingereza mwenye wazazi wa Norway, alikuwa huko karani wa kampuni ya mafuta ya Shell tangu mwaka 1938. Vita vilipozuka alikwenda Nairobi kujifunza kuruka katika Tiger Moth, ndege ndogo isiyo na paa. Alikuwa mrefu mno, kichwa chake kikazidi kioo cha mbele, upepo ukamziba pumzi; akajifunga kitambaa chepesi cha pamba puani na mdomoni, ndipo akaweza. Yeye mwenyewe ameandika kwamba walianza vijana 16, na 13 kati yao wakafa angani kabla ya miaka miwili kwisha.

Tarehe 19 Septemba 1940 alipewa Gladiator aipeleke kwa kikosi chake katika jangwa la Misri. Aliambiwa mahali pasipokuwapo. Jua likazama, mafuta yakaisha, akajaribu kutua kati ya mawe. Ndege ikavunjika na kuwaka moto. Alitambaa nje, kichwa kimepasuka, na kwa majuma kadhaa hakuona. Lakini mwaka 1942, kisa hicho kilipochapishwa katika gazeti la Marekani, kichwa chake kilisema kwamba aliangushwa na adui. Baadaye Dahl alieleza waziwazi kwamba hakupigwa na mtu. Sisi twaona jambo hili ni la kufundisha darasani, kwa maana hata msema kweli, wakati wa vita, hupata watu wa kumsaidia kuitia chumvi habari yake.

Alipopona alipelekwa Ugiriki mwezi wa Aprili 1941, akapewa Hurricane, ndege ambayo hajapata kupigana nayo. Tarehe 20 Aprili Hurricane chache ziliruka juu ya Athens kupambana na Wajerumani wengi mno. Kiongozi wao alikuwa Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alikuwa na homa siku hiyo. Hakurudi. Wengi husema yeye ndiye aliyewapita marubani wote wa jeshi la Uingereza. Lakini daftari za kikosi zilipotea katika kukimbia, kwa hiyo wengine humhesabia ndege 40, wengine 50 na zaidi. Dahl alipata zake tano, kisha maumivu ya kichwa yakamrudisha nyumbani.

Mashaka ya hesabu hayako Ugiriki tu. Katika mwaka 1940 kikosi cha 303, cha Wapoland waliopigana kwa Hurricane kuilinda London, kilihesabiwa ndege 126. Wachunguzi waliolinganisha hesabu hiyo na daftari za Wajerumani walipata idadi iliyo ndogo sana. Haikuwa uongo. Watu wawili huipiga ndege moja, kila mmoja huiona ikitoa moshi, na hakuna afuataye kuona mwisho wake, maana nyuma yake yuko adui.

Na Wapoland si wageni wa Meru. Tangu mwaka 1942 watu wao wapatao 5,000, walio wengi wanawake na watoto, walikaa kambini Tengeru, baada ya kuhamishwa kwa nguvu hadi Siberia na kupitia Iran. Waume na kaka za wengi wao walikuwa vitani, wengine ardhini, wengine angani, na barua zilichukua miezi. Makaburi yao yako Tengeru hata leo, mwendo mfupi kutoka barabara ya Moshi. Mwanafunzi atakayekwenda kuyasoma asitafute humo majina ya marubani. Atasoma majina ya mama na dada zao.