Mheshimiwa Hufanya Nini Mwezi Mzima?

Msomaji mpendwa, kabla sijafika mbali naomba nikuulize swali. Je, unamjua mwakilishi wa wadi yako? Simaanishi sura. Sura yake tunaijua sote, maana picha zake bado zimeng'ang'ania milingoti ya stima tangu uchaguzi wa Agosti 2022. Ninauliza kama unaijua kazi yake. Nilipowauliza wenzangu darasani, mmoja alisema, "Ni kutuletea maji." Mwingine akadakia, "Ni kula!" Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka. Wa tatu akauliza, "Kama barabara ni kazi yake, mbona kalvati letu liko vile?" Hapo hakuna aliyecheka.

Ninyi mnaokuja shuleni kwa njia ya juu pengine hamlijui kalvati hilo. Yalikuwa mabomba mawili ya saruji yaliyopitisha kijito chini ya barabara ya murram. Mvua ya masika ya mwaka wa 2024, ile iliyofanya shule zifunguliwe tarehe 13 Mei badala ya 29 Aprili, iliyazoa yote mawili. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha usiku, sisi wa upande wa pili huvua viatu tukavuka tukiwa tumeshikana mikono, au tukakaa ng'ambo kusubiri maji yapungue. Muhula uliopita nilikosa karatasi ya kwanza ya Hisabati hivyo hivyo. Nilisimama ng'ambo na sare yangu safi, kalamu mbili mfukoni, nikiliona paa la shule.

Kwa hiyo mlezi wa chama chetu alipotuagiza kila mmoja aeleze kazi moja ya umma kwa ajili ya jarida hili, sikuhangaika kuchagua. Nilianza kumfuatilia mwakilishi wetu katika likizo ya Aprili nikaendelea hadi wiki ya pili ya Mei, muda wa mwezi mmoja hivi. Sikuwa mgeni ofisini kwake. Mama alikuwa amenituma huko mara mbili kupeleka fomu ya basari.

Kwanza tumjue ni nani. Babu yangu humwita "kansela" mpaka leo, na ukimsahihisha anakuuliza kama wewe ndiwe uliyemzaa. Zamani kulikuwa na madiwani katika mabaraza ya miji na ya wilaya. Katiba ya mwaka wa 2010 ilileta kaunti 47, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 mabaraza yale yakawa yametoweka, mahali pake pakaingia mabunge ya kaunti. Nchi nzima ina wadi 1,450, na kila moja huchagua mtu wake mmoja. Yeye si mbunge wa Nairobi, wala si chifu. Mbunge hutunga sheria za nchi, na chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Huyu wetu hukaa katika bunge la kaunti, na mambo yanayomhusu ni yale ambayo Katiba imeyapa kaunti: zahanati na hospitali za kaunti, barabara za kaunti, masoko, maji, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule ya sekondari kama hii yetu haimo, ingawa kijito kilicho mbele yake kimo.

Basi twende ofisini. Jumatatu ndiyo siku ya watu. Kufikia saa moja na nusu asubuhi benchi la nje lilikuwa limejaa na wengine wameegemea ukuta. Jumatatu moja nilihesabu watu 23. Kulikuwa na mzee aliyetaka nauli ya kwenda kliniki, na vijana wa boda boda waliotaka jezi za mpira. Akina mama wanne walikuja na kadi ya harambee ya mazishi. Kijana mmoja alitaka "aunganishwe" na kazi yoyote. Waliobaki, karibu nusu, walikuja kwa ajili ya karo. Waliokuja kwa jambo linalowahusu watu wote walikuwa wawili tu: mwanamke aliyesema mfereji wa sokoni umeziba, na mimi.

Nitasema kweli, siku hiyo nilimhurumia Mheshimiwa. Alikuwa akimpokea kila mtu kwa mikono miwili, "Shikamoo mzee," "Karibu mama," huku mkono mwingine ukiingia mfukoni. (Najua nimempa mikono mitatu, lakini ungemwona ungekubaliana nami.) Kufikia saa sita mfuko ulikuwa umekauka, na wale wa mwisho waliondoka wakinung'unika kwamba amewasahau tangu apate kiti. Nilipomuuliza kwa nini hawaambii watu kuwa hiyo si kazi yake, alicheka kidogo akasema, "Msichana wangu, ukiwaambia hivyo, utakuwa umewaambia wakuchagulie mwingine."

Nami pia sina haki ya kuwacheka waliokaa kwenye benchi lile. Ndugu yangu mdogo amewahi kufukuzwa karo mara tatu katika muhula mmoja. Fomu ya kwanza ya mama ilipotea katika ofisi moja ambayo sitaitaja, akaambiwa ajaze nyingine, na muda ukawa umekwisha. Mtu aliyeelemewa na karo hana nafasi ya kufikiria mfereji wa soko. Hata hivyo, mwezi unakwisha hivyo hivyo, na lile lililompeleka Mheshimiwa bungeni linapewa dakika zilizobaki.

Lililompeleka ni lipi? Jibu limo katika Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka wa 2012, kifungu cha 9. Mwalimu wetu wa Historia na Serikali alinisaidia kukisoma, kwa sababu lugha yake ni ngumu kama kongo. Kinasema kwamba mwakilishi awe karibu na wananchi na ashauriane nao kuhusu mambo yaliyo mbele ya bunge. Maoni yao ayapeleke bungeni, ahudhurie vikao, na awe kiungo kati yao na bunge kuhusu huduma. Halafu kinakuja kipengele kilichonishangaza: mwakilishi haruhusiwi kujiingiza katika kazi za utendaji za serikali ya kaunti, wala kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wake. Kwa maneno mengine, Mheshimiwa hana greda, hana saruji, hana mwanakandarasi. Vyote hivyo viko upande wa gavana na mawaziri wake. Mwakilishi ana mdomo na kura, na ana haki ya kuuliza pesa zimekwenda wapi. Ukimwona amepanda juu ya greda akipigwa picha, jua kwamba greda si lake.

Nilitaka kuuona mdomo huo ukifanya kazi. Ibara ya 196 ya Katiba inasema bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani, kwa hiyo Jumanne moja nilipanda matatu na binamu yangu tukaenda. Askari wa mlangoni alitutazama kuanzia viatu mpaka nywele, akatuuliza tumetumwa na nani. Nikamwambia tumetumwa na Katiba. Binamu yangu alinifinya, lakini tukaingia.

Msomaji, usitarajie sinema. Spika aliingia na rungu likatangulizwa mbele yake, dua ikasomwa, kisha zikafuata karatasi nyingi mno. Wawakilishi wengine walikuwa wakitazama simu, na mmoja alisinzia waziwazi. Mheshimiwa wetu akasimama, akaomba taarifa kutoka kwa mwenyekiti wa Kamati ya Afya: kwa nini zahanati ya kwetu imekaa bila dawa za kutosha, na lini zitaletwa? Alizungumza dakika tatu hivi. Spika akaagiza jibu liletwe kwa maandishi. Basi, hakuna aliyepiga makofi. Nilitoka nikidhani nimepoteza nauli yangu bure.

Baadaye karani wa ofisi ya wadi, mwanamke mpole anayeandika kila kitu katika daftari kubwa la kijani, alinieleza kuwa dakika zile tatu zina uzito kuliko Jumatatu nzima. Swali likiulizwa ndani ya bunge huandikwa katika kumbukumbu rasmi. Waziri hawezi kusema hakusikia. Akijibu uongo, uongo wake nao umeandikwa. Lakini hela ya nauli aliyopewa mzee haiandikwi popote, na mwezi ujao mzee atarudi.

Karani huyo huyo ndiye aliyenifumbua macho kuhusu kalvati. Nilimuuliza kwa nini halijajengwa, ilhali watu wamelalamika kila baraza. Akafungua daftari lake akanionyesha tarehe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Watu huja kulia mwezi wa Juni, wakidhani pesa mpya zinagawanywa wakati huo. Kumbe mlango ulifunguliwa zamani. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Mwezi wa Februari unakuja waraka wa mwelekeo wa fedha, na kufikia tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe yamekwisha kufika mezani. Mradi usiokuwamo katika mpango wa Septemba ni vigumu mno kuuchomeka mwezi wa Juni. Sisi tulikuwa tumelia miaka miwili, na kila mara tulikuwa tumechelewa miezi tisa.

"Na Mheshimiwa hakujua?" nikauliza. Karani akafunga daftari. "Alijua," akasema. "Lakini mwezi wa Agosti kulikuwa na mazishi mengi."

Jumamosi ya kwanza ya Mei kulifanyika baraza la kutoa maoni kuhusu bajeti, katika ukumbi wa kanisa. Tulipewa kitabu kinene kilichoandikwa Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Mama aliyekaa kando yangu alikigeuza juu chini, akakirudisha mapajani, akaanza kusuka kikapu chake. Ibara ya 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Nikajiuliza urasmi huo huwa umeenda wapi siku ya bajeti. Ofisa aliyetumwa alisoma haraka kama anayefukuzwa, akauliza, "Kuna swali?" Kimya. Ndipo Mheshimiwa, na kwa hili nampa heko, akasema, "Hapa yuko mtoto wa Chama cha Kiswahili. Njoo utusomee barabara peke yake."

Magoti yaligongana. Nilisoma ukurasa wa barabara mstari kwa mstari, nikitafsiri nilivyoweza. Neno lililonishinda nililisema hivyo hivyo, na ofisa akalieleza. Nilipofika mwisho wa wadi yetu, yule mama akaacha kikapu chake akauliza kwa sauti, "Na kijito je?" Kijito hakikuwamo. Ukumbi ambao ulikuwa kimya nusu saa nzima ukachemka, na maswali yakawa mengi hata ofisa akatazama saa yake.

Jumatatu iliyofuata, wanachama sita wa chama chetu tuliandika ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Tulieleza mabomba yalizolewa lini, wanafunzi wa upande wa pili hukosa masomo siku zipi, na tunaomba nini: kalvati liingizwe katika mpango wa mwaka utakaofikishwa bungeni Septemba. Tulitaja hata kuwa mwanamke mjamzito hupitishwa pale kwa mkokoteni. Nilipolipeleka ofisini, mwanamume mmoja aliyekuwa kwenye benchi alicheka, "Watoto hawa hata kura hawana!" Nikamwonyesha Ibara ya 37, ile inayohusu kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Haisemi kila mpigakura. Inasema kila mtu. Mzee yule alisoma, akarudia kusoma, kisha akaniomba kalamu atie sahihi yake. Tulikuwa tumekwenda na sahihi 41, tukaondoka na 58.

Mheshimiwa alilisoma akiwa amesimama. Sikupendezwa na jinsi alivyolikunja na kulitia mfukoni, katika mfuko ule ule wa noti, nikamwambia kwa adabu kwamba hiyo ni nakala yake tu. Ile halisi tulikuwa tunaipeleka kwa karani wa bunge. Alinitazama kidogo, akalitoa, akalikunjua, akaliweka ndani ya faili. "Mwezi wa Agosti mnikumbushe," akasema.

Nakala yenye muhuri wa bunge iko katika kabati la chama, rafu ya juu, karibu na kamusi. Mwenye ufunguo ni katibu. Tumeandika zamu ukutani: kuanzia wiki ya kwanza ya Agosti, kila Jumatatu wawili kati yetu watakuwa kwenye lile benchi kabla ya saa moja na nusu. Zamu ya kwanza ni yangu, mvua isiponizuia ng'ambo.