Sharti Lenye Njia Mbili

Fundi aandikaye programu kwa lugha ya Java hupenda sana usemi wa sharti, ule wenye alama ya kuuliza na nukta mbili, usemao kwamba jambo fulani likiwa kweli itwaliwe thamani hii, na lisipokuwa kweli itwaliwe ile. Lakini kompaila, yaani programu ifasiriyo maandishi ya fundi ili mashine iyatekeleze, haina ruhusa ya kungoja ijulikane ni ipi itakayotwaliwa, bali yapasa ihukumu mapema kwamba usemi mzima ni wa aina gani.

Hukumu hiyo ilikuwa nyepesi hadi mwaka 2004, lilipotoka toleo la 5 pamoja na aina za jumla, zisemazo “orodha ya kitu fulani” na kuacha jina la kitu chenyewe lijazwe baadaye. Weka upande mmoja orodha tupu iletwayo na Collections.emptyList(), na upande wa pili orodha ya maneno: kompaila za zamani ziliitazama ile tupu peke yake, zikakosa dalili, zikaiita orodha ya vitu vyovyote, na programu isiyo na taksiri ikakataliwa. Toleo la 8, la mwaka 2014, ndilo lililoamuru kwamba aina inayotarajiwa na mpokeaji wa thamani ya usemi iteremshwe katika pande zote mbili.

Basi mjaribu kompaila huyachukua maandishi yale yale, akaipa kompaila ya toleo la 8 mara mbili: ikiamriwa kufuata kanuni za toleo la 7, sharti ikatae, na maneno yake ya kukataa yalinganishwe na yale yaliyowekwa akiba katika faili; ikifuata kanuni zake yenyewe, sharti ikubali. Ikikubali mara zote mbili, imekosa.

Kuna mtego mwingine, nao kwangu ni mbaya zaidi. Ramani ya majina na hesabu zake, ikiulizwa jina lisilomo, hurudisha utupu. Lakini iwapo ulizo hilo limewekwa upande mmoja wa sharti, na upande wa pili pameandikwa sifuri, kanuni huufanya usemi wote kuwa namba ya aina ya msingi, na ule utupu, usioweza kuwa namba, huiangusha programu kwa kosa la NullPointerException, hata kama mpokeaji alikuwa radhi kuupokea. Jaribio la hapa halina budi kuiendesha programu na kushuhudia ikianguka; ikisalimika, kompaila ndiyo iliyopotoka.