Gari la Mamilioni Lapiga Magoti Longonot

Ngamia wa ufukweni Bamburi akiamrishwa alale ili mtalii ampande, hukunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, na huku anashuka hutoa sauti ya mtu aliyechoka kuonewa. Gari nililopanda mimi Jumamosi moja, chini ya Mlima Longonot, lilianza kwa mguu wa nyuma wa kushoto. Sauti ilikuwa ile ile.

Tulikuwa watu wanne. Tulitoka Mombasa siku iliyotangulia, tukalala Nairobi, na baada ya sala ya Alfajiri tukashika njia ya Nakuru kwenda kuozesha. Mwenye gari ni kijana mfanyabiashara ambaye jina lake silitaji, wala la gari lake silitaji, maana bado nasali naye msikiti mmoja. Itoshe kusema lilikuwa moja ya yale magari marefu ya kifahari ambayo magurudumu yote manne huvuta, yenye viti vya ngozi na paa la kioo la kutazamia mawingu. Mbele, kando ya dereva, aliketi ami yake, mzee aliyepita miaka sabini, kanzu imepigwa pasi hata ukaogopa kuigusa. Yeye ndiye aliyekuwa walii wa bibi harusi, kwa kuwa baba wa binti ametangulia mbele ya haki na binti hana kaka. Nikaha ilipangwa baada ya Alasiri.

Tuliteremka ukingo wa Bonde la Ufa salama, tukakipita kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano waliotengeneza barabara hii wakati wa Vita Kuu ya Pili, tukaipita Mai Mahiu. Hapo ndipo kijana alipopandwa na hamu. Gari kama hili, alisema, halikuundwa kwa ajili ya lami. Akaiacha barabara kuu, akashika njia ya vumbi upande wa mlimani. "Dakika kumi tu, ami, uone linavyopanda."

Na kwa haki ya Mungu lilipanda. Alibonyeza kidude, gari likajiinua kama bibi anayeinua buibui asiguse matope. Lilivuka makorongo na mawe, na sisi ndani tumetulia kama tuliokaa barazani. Ami alisema Mashaallah mara mbili. Sikuona kosa lolote mpaka taa ya njano ilipowaka mbele ya dereva, na punde si punde ile sauti ya ngamia.

Nimeuliza mafundi wengi tangu siku hiyo, na hivi ndivyo walivyonifahamisha. Gari la kawaida hubebwa na springi za chuma. Magari haya ya fahari, mengi yao, hubebwa na mifuko minne ya mpira iliyojazwa hewa. Pampu ndogo ya umeme huisukuma hewa hiyo, valvu huigawa kwa kila gurudumu, na vipimo kwenye kila pembe huiambia kompyuta kimo cha gari. Ukitaka kupanda mawe, linainuka. Ukienda kasi kwenye lami, linashuka. Mzee mwenye maumivu ya magoti akitaka kuingia, linamwinamia. Ni starehe kubwa na siidharau. Lakini mpira huzeeka. Hukatika pale unapokunjwa kila siku, hewa ikaanza kuvuja kidogo kidogo, na pampu, ambayo haikuundwa kufanya kazi bila kupumzika, ikahangaika kufidia mpaka ikaungua. Hapo kompyuta hulishusha gari likakaa juu ya vipande vyake vya mpira mgumu, na dereva akaamriwa asiende mbio.

Ndivyo tulivyokuwa, saa tatu na nusu asubuhi. Wali wa harusi umekwisha kutiwa motoni Nakuru, na walii ameketi juu ya jiwe Longonot.

Inafaa kukumbusha kwamba magari ya namna hii hayakuanza hivi. Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na uhaba wa chuma. Toyota walitoa gari lao la milimani mwaka 1951, nalo likapewa jina la Land Cruiser mwaka 1954. Hata Range Rover yenyewe, ilipotoka mwaka 1970, ilikuwa na springi za chuma, na sakafu yake uliweza kuiosha kwa mpira wa maji kama ua wa nyumba. Hewa iliingia kwenye Range Rover mwaka 1992. Lexus LX 470 ya mwaka 1998 ilikuja na mpango wake wa kujiinua kwa nguvu ya mafuta. Wengine wakafuata. Tangu hapo kilichokuwa gari la shamba kikawa sebule iendayo, na sebule haipendi vumbi.

Na vumbi la Longonot si vumbi la Mariakani. Mlima huu ni volkano, na mlipuko wake wa mwisho hukisiwa kuwa katika miaka ya 1860. Majivu yake, ukiyachunguza, ni chembe za kioo. Huingia kwenye chujio, kwenye mikunjo ya mpira, kwenye viungio, na husugua kama msasa. Waliokwenda kuyatazama mashindano ya Safari Rally tangu yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 wanalijua. Kituo chao kiko Naivasha, na njia za Kedong, chini ya mlima huu huu, zimewatoa jasho madereva wakubwa. Mwaka huo wa 2021 Thierry Neuville alikuwa akiongoza mpaka siku ya mwisho, kisha gari lake likavunjika kwa nyuma, upande wa kulia, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Tofauti ni kwamba gari la mashindano limeundwa ili lifunguliwe upesi, na mafundi wake wanalingoja na spea zote zimepangwa. La kwetu liliundwa lisifunguliwe na yeyote.

Kutoka kituo cha biashara cha Longonot alikuja makanika kwa pikipiki, mfuko wa spana begani na chupa ya maji ya sabuni mkononi. Alimwamkia ami kwanza. Akapiga jeki, akalala chini, akaunyunyizia mpira ule maji ya sabuni, na mapovu yakatoka mahali palipokunjika, mpasuko mrefu kama ukucha. Kuugundua ugonjwa hakukumchukua hata robo ya saa. Akatoka akijipangusa, akamwambia ami, si mwenye gari:

"Mzee wangu, springi ya chuma ikivunjika naifunga kwa kipande cha mti na mpira wa tyubu, mnafika Nakuru pole pole. Hii nitafunga nini? Pumzi?"

"Jaza upepo kwa pampu ya gurudumu," ami akasema.

"Utatokea hapo hapo ulipoingia, mzee. Na pampu yake yenyewe imeungua. Hata nikiwa na nyingine, hii taa haizimiki mpaka iletwe mashine ya kuzungumza na kompyuta. Mimi lugha hiyo sina."

Maneno hayo yameniganda. Fundi tuliyemzoea sisi, awe wa jahazi au wa gari, hutia sikio. Nakumbuka makanika mmoja wa mtaani kwetu aliyeweza kukwambia valvu gani imelegea gari lingali linakata kona. Yule wa Longonot ni wa ukoo huo huo, na ugonjwa aliuona kwa jicho lake. Kilichomshinda ni kwamba dawa imefungiwa mahali pengine, na ufunguo anao mtu mwingine. Umoja wa Ulaya uliona hatari hiyo, ukaweka kanuni mwaka 2007 kuwalazimisha watengenezaji kuwapa mafundi wa nje maarifa ya kutengeneza magari yao. Lakini kanuni ya Ulaya haimfikii mtu aliyelala chini ya gari Longonot.

Wenzangu wa pwani tunayaona magari haya kabla ya mtu yeyote wa bara, kwa kuwa hushuka Kilindini. Sheria ya Kenya hukubali gari lililotumika lisilozidi miaka 8, na mengi ya kifahari hutoka Uingereza, ambako huendeshwa upande wetu. Hufika yanang'aa. Mnunuzi huitazama rangi, huinusa ngozi, huusikiliza muziki. Ni nani anayeinama kuutazama mpira wenye miaka saba? Huku kule Miritini, kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers huunganisha Land Cruiser za mfululizo wa 70, umbo lililoanza mwaka 1984, lenye springi za bapa nyuma na sura ya kabati. Hakuna anayejivunia kuteremka kutoka kwenye kabati mbele ya ukumbi wa harusi, na hapo, nadhani, ndipo tunapojitia wenyewe mikononi mwa kompyuta.

Ami alitolewa pale na Probox. Ilikuwa ikienda Naivasha na mitungi ya maziwa, na dereva wake, alipoiona kanzu juu ya jiwe, alisimama bila kuitwa. Mzee alipewa kiti cha mbele. Mimi na mwenzangu tulikaa nyuma tumeipakata mitungi. Naivasha tukapata matatu. Nakuru tuliingia Alasiri imekwisha adhiniwa, kanzu ya walii ina rangi ya majivu, na maharimu wa bwana harusi wameanza kunong'ona. Nikaha ilifungwa. Katika picha ami anaonekana kama aliyepakwa unga.

Mwenye gari hakuiona. Alibaki Longonot mpaka jioni lilipokuja lori la kulibeba gari lake mgongoni hadi Nairobi. Gereji ya kwanza ilibadilisha pampu, ikauacha mpira, na pampu mpya ikaungua kabla ya mwezi kwisha. Gereji ya pili ilibadilisha mpira mmoja, na wa kulia ukapasuka baadaye, kama jino la pili la mzee. Ya tatu ilisema ni valvu, kisha ikasema ni waya, kisha ikasema spea imeagizwa. Kila waliposhindwa walibahatisha, na kila bahati aliilipia yeye. Miezi mitano alikwenda dukani kwa tuktuk.

Mwishowe fundi mmoja wa Mombasa, kijana tu, alimwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: wataka lijiinue, au wataka liende? Akaitoa mifuko yote minne, akatia springi za chuma. Gari sasa lina kimo kimoja, wala halimwinamii mzee yeyote. Tangu hapo limekwenda Nakuru mara mbili na kurudi. Ila kompyuta haijakubali. Kila akiliwasha, ile taa ya njano huwaka kudai hewa yake. Juu ya taa amebandika kipande cha utepe mweusi wa fundi wa umeme.