MAGUGU MAJI NA NYUNGUNYUNGU: RUTUBA IRUDI SHAMBANI

Magugu maji, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, yalianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Yameziba mialo na kuwataabisha wavuvi. Lakini mwanachama alimaye kando ya ziwa afahamu kwamba sehemu ya chakula cha magugu hayo imetoka shambani mwake. Mvua huchukua udongo pamoja na nitrojeni na fosforasi iliyomo, nayo magugu huvifyonza majini. Mkulima kisha hununua mbolea ya chumvichumvi kwa mkopo, na deni hukatwa katika malipo ya mazao yake.

Njia mojawapo ya kuirudisha rutuba hiyo ni kufuga nyungunyungu. Viumbe hawa hula majani yaliyoanza kuoza pamoja na samadi, na kinyesi chao ni mboji laini ifaayo mimea. Wanaofaa ni wale wekundu wadogo wapatikanao katika samadi ya zamani. Wale wachimbao chini sana hawafai.

Kwanza, magugu yaanikwe mwaloni mpaka yanyauke. Katika kilo 100 za magugu mabichi, zaidi ya 90 ni maji. Chama kikodishacho gari kuyabeba mabichi hulipa nauli ya maji. Yakishanyauka yakatwekatwe, yachanganywe na samadi na mabaki kama majani ya migomba na maganda ya maharage. Mabua ya pamba yasitiwe. Hayo hung'olewa na kuchomwa ili kuangamiza wadudu.

Pili, mchanganyiko ulundikwe kwa wiki 2 hadi 3 na kugeuzwa mara kwa mara. Lundo hupata moto, na joto lipitalo digrii 35 za Sentigredi huua nyungunyungu. Kwa hiyo wasitiwe kabla halijapoa.

Tatu, mchanganyiko uliopoa utiwe katika sanduku lenye matundu chini, likae kivulini, lifunikwe kwa gunia bichi. Unyevu ukitosha, konzi moja ikiminywa hutoa matone machache tu. Kuku na siafu wazuiwe. Baada ya miezi 2 hadi 3 mboji huwa tayari.

Yapo mambo mawili yasiyosameheka. Magugu ya karibu na mifereji ya viwanda au maji machafu ya mji yasitumike kamwe, kwa kuwa hufyonza sumu kama risasi na zebaki. Tena, yenye maua au mbegu yaachwe, wala yasipelekwe mabichi penye malambo yaliyo safi. Mbegu zake huishi matopeni miaka mingi, na sanduku la nyungunyungu halina joto la kuziua. Chama kitakachoyaeneza kitakuwa kimewaharibia majirani maji ya kunywa na ya mifugo.

Mboji hii haitaondoa mara moja haja ya mbolea ya dukani. Inafaa chama kianze na sanduku moja, na matuta mawili ya mboga: moja litiwe mboji, la pili lisitiwe. Katibu aandike daftarini gharama, siku za kazi na mavuno ya kila tuta, kisha asome hesabu hiyo mbele ya mkutano mkuu. Wanachama wakiisha kuiona, wataamua wenyewe kama kazi hiyo ipanuliwe.